Chanjo Zilizopita Bila Kusalimia

Ambroise aliuza vitenge katika soko la Kikuubo, Kampala, miaka tisa bila kuulizwa maoni yake. Siku shirika moja lilipotaka kupeleka chanjo kijijini kwao, mtoni, ndani kabisa ya msitu wa Kongo, ghafla akawa "mdau". Akaitwa mkutanoni hotelini, akapewa kalamu na maji ya chupa.

Daktari Siraje, mtaalamu wa mito ambaye mto alioujua vizuri ni mfereji wa Nakivubo wa palepale jijini, alitangaza kwamba boti itafika kwa siku moja.

"Mbili, daktari," Ambroise akasema. "Kwetu hupiti kijiji cha watu bila kuzima injini na kusalimia."

"Salamu hazimo kwenye bajeti, mzee."

Ambroise akamwandikia namba yake ya simu. Muuguzi wa kule ni dada yake Victoire, na surua ilikuwa inammalizia watoto mikononi.

Wiki iliyofuata simu ya setilaiti kutoka mtoni ilimkuta dukani akimpimia mteja kitenge.

"Mzee wangu!" Siraje alilia. "Tulipita kijiji cha kwanza, wakatufuata kwa mitumbwi, wakachukua injini! Barafu ya chanjo inayeyuka!"

"Mpe chifu simu."

Ambroise akauliza habari za samaki, za mihogo, za mke mdogo. Mteja akachoka, akaondoka.

"Lakini hawa watu wako," chifu akasema, "mbona walitupita kama magogo?"

"Wasamehe, papa. Wamesoma sana."

Chifu alicheka mpaka akakohoa. Akarudisha injini, akamkalisha shemeji yake mbele ya boti awasalimie wa vijiji vingine. Chanjo zilimfikia Victoire zikiwa bado baridi, pamoja na kuku wawili ambao Siraje alizawadiwa njiani na hakujua awashike vipi.