Baridi ya Riyadh na Simu Niliyoacha Kupiga

Kuna asubuhi moja ya Riyadh ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu Mkamburi, na leo nakusimulia kwa sababu mamako amenipigia simu. Mamako ni mdogo wangu, namjua tangu akitambaa, na si mtu wa kulia ovyo. Jana alilia. Anasema hii ni wiki ya tatu hushiki simu yake, na jumbe anazokuandikia alama zinaonyesha umezisoma. Basi keti. Haya ni marefu kidogo, lakini uliyataka mwenyewe.

Asubuhi hiyo, saa nne, nilikuwa nimelala na nguo za kazi mwilini, blanketi mpaka kichwani. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, mwaka wangu wa kwanza Saudia, kazi ya nyumba, kama wewe sasa huko huko. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia mwanamke mzee niliyekuwa nimemjua kwa siku mbili tu, Bi Salama, Mzanzibari, mpishi wa mama yake madam, mwajiri wangu. Alikuwa amekuja na tajiri wake huyo kutoka Jeddah kumtazama mjukuu mchanga. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja dirishani kwangu, akashika kile nilichokuwa nimekibandika kwenye kioo, akavuta, kikararuka kuanzia juu mpaka chini.

"We mtoto," alisema, "kwani wewe popo?"

Mwanga ulinipiga usoni nikaziba macho kwa viganja. Acha nikueleze alichokirarua.

Nilifika Riyadh mwezi wa saba. Joto la mwezi wa saba kule wewe mwenyewe umelionja, sina haja ya kulieleza. Chumba changu kilikuwa juu kabisa, karibu na matangi ya maji, na jua la mchana lilikipiga bila huruma. Wasichana wa nyumba za jirani, tukiongea kutoka paa hadi paa, walinifundisha dawa yake: chukua boksi, livishe ile karatasi ya fedha ya kufungia chakula, bandika dirishani. Joto hupungua kweli. Karibu kila chumba cha mfanyakazi mtaani pale kilikuwa kimezibwa hivyo, na sitashangaa kama chako pia kimezibwa. Kubandika hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba mwezi wa kumi na mbili ulifika, baridi ikaingia, na mimi bado naishi ndani ya boksi.

Riyadh si Ulaya. Hata wakati wa baridi jua lipo, tena zuri kuliko la mwezi mwingine wowote. Shida ni kwamba linawaka huko nje na wewe hulioni. Niliamka kungali giza. Watoto waliondoka kwenda shule taa za barabarani hazijazimwa. Sebuleni mapazia mazito, hayafunguliwi, nyumba nzima inawashiwa taa mchana. Nikimaliza vyombo vya chakula cha mchana na kupiga deki ngazi, Maghrib inaadhiniwa. Hapo awali nilikuwa na dakika zangu za kupanda juu ya paa kuanika nguo. Baridi ilipoanza, madam akaniambia nguo zote ziingie kwenye mashine ya kukaushia, maana huko juu nitaugua. Alinihurumia, na mimi nikafurahi kwa sababu ngazi zilikuwa ndefu. Ndivyo nilivyolipoteza jua langu, kwa wema wa madam na uvivu wangu.

Sasa sikiliza yaliyonipata, uone kama unayajua. Usingizi usiokwisha, hata saa nne asubuhi naiba kulala watoto wakiwa shule. Mikono mizito, hata kukamua kitambaa naona kazi. Mkate na chai yenye sukari nyingi mpaka sketi zikakataa kufunga. Wali ukiungua kidogo, nalia. Nilikuwa nikiomba kwa midomo tu, moyo haumo. Krismasi ikapita kama siku yoyote ya kazi, nikadhani huzuni ni ya hiyo, lakini Januari ikaingia na mambo yakawa yale yale. Nikamshuku jirani yetu mmoja kule nyumbani Wundanyi kwamba ameniloga. Maskini mama wa watu, kosa lake lilikuwa kuniaga "safari njema" bila kutabasamu.

Wakati huo hakukuwa na simu hizi zenu za kuonana uso kwa uso. Mama yangu alikuwa anabipu kila Ijumaa jioni, nami nampigia kwa kadi. Alikuwa akiishi na binti yangu Wakesho, aliyekuwa na miaka mitano. Ijumaa moja simu ikabipu, nikaitazama tu. Nikasema nitapiga kesho.

Ningemwambia nini? Sikupigwa. Mshahara nilikuwa naupata. Nilikuwa nashiba. Kulikuwa na wenzangu waliokuwa na mateso ya kweli, waliofungiwa ndani na kunyimwa chakula, na mimi nalia kwa sababu gani hasa? Nikaona aibu. Tena nilijua nikiisikia sauti ya Wakesho nitavunjika, naye akinisikia nalia atalia. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini methali ukiwa ndani yake huisikii. Ijumaa moja ikawa mbili, zikawa tano, zikawa saba. Simu ilipoacha kubipu sikushtuka. Nitakuambia ukweli, mwanangu, nilishukuru.

Basi Bi Salama akakaa kitandani pangu bila kukaribishwa, lile boksi lililochanika bado liko mkononi.

"Siku mbili nakutazama," alisema. "Huongei, hucheki, watembea umelala. Madam kakupiga?"

"Hapana."

"Baba mwenye nyumba kakusumbua? Sema kweli, mie mtu mzima."

"Hapana, Bi Salama. Hakuna kitu."

"Hiyo hakuna kitu ndo maradhi yenyewe," alisema. "Mie mwaka wangu wa kwanza mji huu nilidhani jini kanipanda. Kumbe baridi, na kukaa gizani, na upweke. Kwenu wanajua uko mzima?"

Akauliza nilipiga simu lini mara ya mwisho. Nilipomwambia wiki saba, akasimama.

"Wiki saba! Hujui mtu wa Saudia akinyamaza watu kwao wanafikiri nini? Mamaako keshakuzika huko. Lete hiyo simu."

Iliita mara moja tu. Mama akapokea, nikasema, "Mama, ni mimi." Nilisikia simu ikianguka, kisha sauti za wanawake wengi, na mmoja wao akapiga yowe. Kumbe kina mama wa kanisa walikuwa wamekuja nyumbani kuomba naye, na haikuwa mara yao ya kwanza. Baba mdogo alikuwa ameshapanda basi kwenda Nairobi kwa wakala kuulizia mwili. Mwili wangu mimi, Mkamburi, nami niko Riyadh chini ya blanketi. Mama aliporudi kwenye simu aliuliza neno moja, "Kwa nini?" Nikaomba kuongea na Wakesho. Nikamsikia kwa mbali akisema, "Huyo si mama. Mama alikufa Saudia."

Hakuja kwenye simu. Mwezi mzima alikataa kuishika.

Bi Salama hakunibembeleza. Aliniacha nikalia mpaka nikachoka, akaniambia ninawe uso, kisha akashuka kuzungumza na madam. Kiarabu chake kilikuwa cha miaka mingi, hakuna aliyemshinda maneno. Alimwambia nguo za mtoto mchanga lazima zianikwe juani, mashine haiui vijidudu, na kwamba msichana akikaa bila jua hata maziwa atayaunguza. Madam akacheka. "Halas, yalla," yaani basi, haya, "apande juu." Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa siku kumi zilizobaki za ugeni wao, kila jua lilipopanda baada ya watoto kwenda shule, Bi Salama aliniburuta ngazi zote zile na birika la chai. Tunaanika nguo, tunakaa upande wenye jua, na nikiinama ananiambia inua uso. Kulala saa nne alinikataza kabisa. Siku ya tatu nilimchukia, na sioni haya kulisema, maana mtu aliyezama hampendi anayemvuta nywele. Ijumaa alinisimamia nikipiga simu nyumbani, nikiongea na mama tu, na Wakesho akisikiliza kwa mbali. Alinizuia kusema niko sawa. "Sema umekuwa na huzuni," alininong'oneza. "Mamaako kazaa, anajua huzuni." Nikasema. Mama akaniambia kwamba yeye naye alikuwa hivyo mwaka niliozaliwa. Miaka yote hiyo sikuwahi kujua.

Sikupona siku hiyo. Bi Salama alirudi Jeddah na bado nilikuwa na asubuhi za kujikokota. Lakini niliendelea kupanda juu, na kama wiki ya tatu hivi nikajikuta naimba chinichini wimbo wa kanisa huku namenya viazi. Sikujua ulianza saa ngapi. Mwezi wa tatu ulipofika nilikuwa mimi tena. Na msimu wa baridi uliofuata ulinikuta tayari, dirisha wazi tangu mwezi wa kumi, na Bi Salama ananipigia simu kutoka Jeddah kuniuliza kama nimepanda juu. Miaka ilipopita alirudi kwao Unguja, akaniachia jiko lake hapa Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, ndilo ninalopikia mpaka leo. Huku baridi ni ya kuchezea. Msimu wetu mbaya ni wa joto, watu wanapojifungia ndani miezi mitatu na viyoyozi, na mimi hutoka alfajiri kununua mkate hata kama mkate upo.

Sasa nasaha zenyewe, mwanangu. Kesho asubuhi angalia dirisha lako. Kama umeliziba, zibua. Omba kazi yoyote ya nje, kuanika, kufagia uani, kutupa taka, na usiifanye kwa haraka. Madam akiuliza, mwambie afya yako inataka jua. Wengi wao wana binti zao, wataelewa. Usilale mchana wote hata kama mwili unakudai. Na usikate shauri kubwa la maisha yako ukiwa katika hali hii, la kuvunja mkataba wala la kutoroka. Ngoja mpaka uweze kucheka mambo madogo, kisha uamue.

Lakini nisikilize vizuri hapa, maana sitaki unielewe vibaya. Kama unapigwa, au unashikwa, au unafungiwa, hiyo si baridi na jua halitaitibu. Hiyo niambie leo hii, tutafute ubalozi na watu wa kusaidia, na wala usione aibu. Na kama giza limekuingia mpaka unawaza kwamba bora usiwepo, usingoje kesho. Mwambie mtu aliye karibu nawe saa hiyo hiyo, kisha nipigie mimi, na tutakutafutia daktari. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi si daktari, mimi ni mpishi tu, na ninalolijua ni hili moja lililonipata.

Wakesho wangu sasa ni mama wa watoto wawili. Tulipatana, usidhani hatukupatana. Niliporudi likizo ya kwanza alijificha nyuma ya bibi yake siku mbili, siku ya tatu akaja kunishika sketi. Ila kuna kitu hakikuondoka. Akinipigia nisiposhika mara ya kwanza, anapiga tena na tena bila kupumzika, na nikishika haniamkii. Anasema, "Uko?" Nami nasema, "Niko." Ndipo tunaanza salamu. Ana kazi nzuri, ana mume, ana akili zake timamu, na kila mara anauliza hivyo. Nilimfanyia hivyo mimi, kwa Ijumaa saba za kuona haya.

Mungu akufunike huko uliko, akupe afya ya mwili na ya moyo. Akulindie mikono yako na jina lako. Mkataba ukiisha akurudishe Taita ukitembea kwa miguu yako, na kina mama wakija nyumbani waje kwa vigelegele. Lakini usinijibu mimi kwanza. Mpigie mamako. Kama huna la kusema, usiseme, na kama utalia, lia huku ameshika simu. Atakungoja umalize.