Mbegu za Adelina

Mbegu zetu zilinuka moshi. Wakati wa mavuno Mama alichagua mahindi yenye punje nene zilizojipanga vizuri, akayafunga mafungu kwa maganda yake na kuyatundika juu ya meko. Yalikaa huko kiangazi chote, yakipigwa na moshi wa kuni hadi maganda yakawa meusi, na hakuna mdudu aliyethubutu kuyagusa. Mwezi wa kumi ulipofika tuliyashusha na kuyapukuchua barazani, na harufu ile ikatuingia kwenye vidole, kwenye nguo, hata kwenye ugali. Nje kulikuwa na joto la kuumiza macho. Barabara za Mishamo, makazi ya wakimbizi tulikokulia, zilizonyooka kama zilizopigwa rula, zilikuwa zimegeuka unga mwekundu, na baiskeli ikipita ungeiona kwa vumbi lake kabla ya kumwona mwendeshaji. Kila mtu aliongea juu ya mvua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wangu Adelina alikuwa na kumi, na msimu huo ndio ninaotaka kuwasimulia, kwa sababu nilifanya jambo ambalo mpaka leo sijui namna ya kulirudisha.

Baba yetu, ambaye kwa Kirundi cha nyumbani tulimwita Data, alikuwa mtu wa kungoja. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto, mgongoni kwa dada yake, na nadhani safari ile ilimfundisha kwamba kitu kilichomo mkononi hakiachiliwi hivi hivi. Alipanda mvua ikishanyesha mara tatu, na alipenda kusema kwamba haraka haraka haina baraka. Mama alikuwa na methali yake, ya chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kila mwaka alimwomba Data wapande sehemu ya shamba kwenye vumbi. Kupanda kwenye vumbi maana yake ni hii: unatia mbegu kwenye udongo mkavu kabla mvua haijaja, ukiamini itakuja. Ikija vizuri, mahindi yako yanakunywa maji ya kwanza kabisa, yanayatangulia magugu, na wenzako wakiwa bado wanalima wewe unapalilia. Ikija mvua ya udanganyifu, ile ya kunyesha siku moja na kupotea wiki mbili, mbegu inaamka, inakosa maji na kufa. Kinga yake ni kufukia chini zaidi ya kawaida, ili manyunyu yasiifikie mbegu.

Mwaka huo walibishana mpaka wakakubaliana kujaribu kwa kidogo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na vipande viwili ambavyo Mama alikuwa ametugawia sisi wasichana. Data alisema kama mmoja wetu anataka kupanda kwenye vumbi na apande, na kama mahindi yataota vizuri, mwaka unaofuata atapanda hivyo nusu ya shamba kubwa. Mimi nilisema nitangoja mvua. Adelina alisema hata leo yuko tayari. Hakuna aliyeshangaa, maana yeye ndiye alikuwa mtoto wa mbegu nyumbani. Kwetu watu huamini kwamba kuna mkono unaootesha na mkono usiootesha. Wakati wa kupanda mmoja anachimba na mwingine anadondosha mbegu, na huyo wa kudondosha huchaguliwa kwa mkono wake. Mkono wa Adelina uliaminiwa tangu akiwa mdogo kabisa, alipotupa mbegu za maboga jalalani akicheza, zikaota zote.

Alipanda siku moja tu, bila kusaidiwa. Mama alimpa kamba yenye mafundo, fundo moja kila hatua ya mtoto, na yeye akaitandika kutoka mstari hadi mstari, akachimba shimo penye kila fundo, akatia punje mbili na kufukia kwa kisigino. Nilimwangalia nikiwa nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikimwambia kwamba panya watamshukuru. Alipofika mwisho wa mstari wa mwisho kamba iliishia, na kipande kilikuwa bado kina nafasi kidogo karibu na ua wa miti. Akapima kwa nyayo zake, akachimba mashimo matatu mengine, akapangusa mikono.

Kisha tukaanza kungoja. Siku ya nne, ya tano, ya sita, jua lile lile. Jirani mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli yake imebeba mihogo alisimama kila jioni kumtania.

"Adelina, naona umepanda vumbi. Utavuna nini, upepo?"

"Nitavuna mahindi," alimjibu, "halafu nyie mtakuja kuomba ya kuchoma, na wewe nitakupa gunzi."

Yule jirani alicheka karibu aangushe mihogo. Mimi sikucheka. Siku ya nane yalinyesha manyunyu, machache tu ya kulaza vumbi, kisha anga likafunguka tena, jeupe, kali. Jioni hiyo nilimsikia Data akimwambia Mama, bila ubaya wowote, kwamba mbegu za mtoto zimekwisha. Mama alichukua ndoo akaenda kisimani, ingawa maji yalikuwepo. Alikuwa ameweka pale matumaini yake ya miaka mingi. Nilimwona pia Adelina akiinama kwenye mistari yake, akiweka kiganja juu ya udongo kama mtu anayepima homa. Nilikuwa na hakika mdogo wangu ataaibika mbele ya mtaa mzima, na nilikuwa na hakika kwamba mimi, dada mkubwa, ndiye ninayepaswa kuzuia.

Jumapili iliyofuata, siku ya kumi na moja, nilisema tumbo linauma nikabaki wakati wengine walipokwenda kanisani. Nilichukua kijiti na mkebe mtupu. Kazi ilikuwa rahisi, kwa sababu Adelina alikuwa amepanda kwa unadhifu mno. Nilitandika kamba yake ile ile, na chini ya kila fundo mbegu zilikuwepo. Hapa ndipo ninapotaka msomaji anielewe vizuri. Mbegu zilikuwa nzima. Hazikuwa zimevimba wala kuoza, kwa kuwa alizifukia chini kama alivyofundishwa, na manyunyu hayakuzifikia. Nilizishika mkononi, ngumu, kavu, bado zinanuka moshi wa jikoni kwetu, na bado nikazitia kwenye mkebe. Nilijiambia nazihifadhi, kwamba mvua ya kweli ikija nitamrudishia apande upya na atanishukuru. Nikasawazisha udongo kwa kiganja, nikaufagia kwa tawi, na walipotoka kanisani walinikuta nimelala. Nimejiuliza mara nyingi kama ilikuwa huruma tupu. Huruma ilikuwepo. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine kidogo, kwamba kama mbegu zile zingeota, kila mtu angeona kuwa mimi ndiye niliyeogopa.

Mvua ilikuja siku ya tatu baada ya hapo, alfajiri, mvua nzito isiyo na upepo, na ilinyesha mpaka adhuhuri. Mama alitoka nje akasimama uani akilowa. Adelina alicheza kwenye matope, akanivuta mkono nicheze naye. Nilikuwa nimeuficha mkebe chini ya kitanda, na kila nilipofungua mdomo niseme, furaha yao iliufunga. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho yake mvua ilirudi, na keshokutwa, na Data akatangaza kwamba ni wakati wa kupanda shamba kubwa. Asubuhi hiyo, kabla hatujatoka, nilimwaga zile mbegu kwenye kikapu chake, zikachanganyika na nyingine, na hakuna jicho ambalo lingeweza kuzitambua.

Siku ya saba tangu mvua ya kwanza Adelina alianza kuchimba kwa kidole. Alichimba shimo la kwanza, la pili, la kumi. Mama akaja akapiga magoti kando yake. Walitafuta mstari mzima bila kupata hata ganda la mbegu, na mwishowe Mama akasema labda ni panya, labda ni mchwa. Ila kule mwisho, karibu na ua, yalikuwa yameota mashimo matatu, yale yasiyokuwa na kamba, ambayo mimi sikuyakumbuka. Data alikuja kuyaona. Hakucheka wala kumsema mtu. Alisema tu, "Tungoje mvua, kama siku zote." Na Mama hakumwomba tena, mwaka ule wala mwaka mwingine wowote.

Adelina aliipalilia ile miche kama shamba kamili. Ilikua upesi, ikawa na kijani kizito, na mahindi ya shamba la Data yalipokuwa bado machanga yeye alikuwa na mahindi ya kuchoma. Ushahidi wote kwamba alikuwa sahihi ulisimama pale uani, mrefu kuliko Data, na hakuna aliyeutazama, kwa sababu watu walihesabu mashimo yaliyokufa. Hindi la kwanza alilichoma mwenyewe, akalikata katikati, akanipa nusu kubwa. Nililila.

Mwaka uliofuata kikapu cha mbegu nilipewa mimi. Mama alinikabidhi kwa upole, akimwambia Adelina apumzike kidogo, afukie nyuma yangu. Hakuna aliyetamka kwamba mkono wake umeharibika, lakini watoto husikia hata yasiyotamkwa. Yule msichana aliyemwahidi jirani gunzi alianza kuuliza mara mbili kabla ya kufanya chochote. Shuleni alikuwa na kichwa kizuri kuliko changu, lakini walimu walipomtaka asome mbele ya wageni alisema wampe mwingine. Tuna methali isemayo kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nimeisikia ikitumiwa kumsifu mwenye hadhari, na mara nyingi ni kweli. Nyumbani kwetu kicheko kilikuja kwangu, na sikukifurahia hata siku moja.

Sasa naishi Ilembo, hapa Mpanda mjini, na nyuma ya nyumba yangu kuna chumba chenye vyerehani vitano ambamo nafundisha wasichana kushona. Wengi hudhani kwamba kinachowatisha ni cherehani. Kinachowatisha ni mkasi. Mshono mbaya unafumuliwa, lakini kitambaa kikishakatwa hakirudi. Nimeona msichana akisimama robo saa juu ya kitenge, chaki imeshapita, mkasi uko wazi, mkono hausogei. Simpigii kelele. Namwanzisha na karatasi za mifuko ya saruji, halafu shuka kuukuu, halafu kitambaa alichonunua mwenyewe, na cha mteja kinakuja mwisho. Ujasiri wa kuthubutu haushuki kwa mtu siku moja. Unajengwa kwa hasara ndogo ambazo mtu anazibeba mwenyewe na kuona kwamba hajafa. Akikosea kukata, namwacha akitazame kile kitambaa, na ni vigumu kwangu kuliko kwake, kwa sababu mkono wangu huwa unataka kuunyakua ule mkasi. Hata kushindwa kwake mwenyewe nilimnyang'anya Adelina. Kama jua lingeua zile mbegu, angelia, na mwaka uliofuata angejua la kurekebisha. Nilimwachia mashimo matupu, na mashimo matupu hayamfundishi mtu kitu.

Nilimweleza Adelina ukweli mwezi uliopita. Mwanawe mkubwa alikuwa amenisimulia kwamba kikundi cha wanawake kijijini kimepata eneo bondeni, kila mmoja achukue kipande ajaribu mpunga, na mama yake amekataa, amesema atawapalilia wenzake. Nikapanda gari la asubuhi kwenda Mishamo. Nilimkuta barazani akichambua maharage kwenye ungo, nikakaa kwenye mkeka, nikasaidia kuchambua mpaka nikapata sauti.

"Adelina, zile mbegu zako za nyuma ya nyumba hazikuliwa na panya. Nilizifukua mimi."

Aliendelea kuchambua. "Zote?"

"Zote, isipokuwa yale mashimo matatu."

"Ukazipeleka wapi?"

"Nilizichanganya kwenye kikapu cha Data. Tukazipanda shamba kubwa."

"Zikaota?"

"Ziliota."

Alipepeta ungo, akapuliza makapi. Kisha akasema kwamba tangu aolewe hajawahi kushika mbegu, na si mumewe aliyemkataza. Yeye mwenyewe alimwonya mumewe, wiki ya kwanza ya ndoa, asije akamkabidhi mbegu. Nikaanza kulia, naye akaniacha nilie. Baadaye akauliza, "Na leo umekumbuka nini, Dada?" Nikamweleza habari ya bondeni. Nilimwambia mkono wake ni mzima, achukue kile kipande, nitamtafutia mbegu nzuri mjini, nitakuja kusaidia kupanda. Niliongea kirefu, kwa utaratibu, kama ninavyoongea na wasichana wangu. Alingoja mpaka nikamaliza.

"Unaona?" alisema. "Umekuja tena kunipangia."

Alinifungia maharage kwenye mfuko kama afanyavyo siku zote, akanisindikiza mpaka barabarani, tukasimama kungoja gari. Lilipokaribia aliniomba jambo moja, nisimsemee chochote kwa mtu yeyote wa kikundi. "Nitasema mwenyewe," alisema, "nikitaka."

Data na Mama wameshatangulia, hao siwezi tena kuwaambia. Zamani zile hatukuwa na la kufanya ila kutazama anga. Siku hizi simu yangu inaniambia kama kesho kutakuwa na mawingu Katavi, na mwanawe Adelina angeweza kuniambia kwa dakika moja kama mama yake amebadili nia. Kikundi kinagawa vipande Jumamosi, na leo ni Jumanne. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilishindwa kuvumilia siku kumi na moja. Sasa nimepita arobaini, na hizi siku nne zinanitesa vile vile. Simu iko mezani, kando ya mkasi. Sijampigia.