Nilimwapisha mteja kwa Bibilia, kesho yake ikabidi nivunje siri yake

Wakuu, salaam. Leo sina vichekesho.

Nimesoma uzi wa jamaa anayeogopa kwenda kwa counsellor (mshauri nasaha) kwa sababu hajui kama yale atasema yatafika kwa polisi. Nikaona nikae chini niandike yangu. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni vile yalitokea, hata pale ambapo naonekana mjinga.

Hii ilikuwa Kitengela, 2003 hivi. Nilikuwa nimeacha kufundisha shule ya msingi (ndiyo maana watu waliendelea kuniita Mwalimu) nikasoma diploma ya counselling masomo ya jioni. Kanisa moja pale Noonkopir likanipa chumba cha mabati, kile walikuwa wakiwekea viti vya harusi. Meza, viti viwili, Bibilia, na kipande cha manila paper mlangoni nilichoandika mwenyewe kwa felt pen:

YA HAPA YANABAKI HAPA.

Niliringa na hiyo karatasi wakuu, wacha tu.

Sasa, darasani tulifundishwa kwamba siku ya kwanza unamwambia mteja hivi: siri yako nitaiweka, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. Hiyo "isipokuwa" mimi niliiruka. Wanaume wa huku kufungua mdomo ni shida, nikaona nikianza na masharti watatoroka. Na kusema kweli walikuwa wanakuja.

Mmoja wao nitamwita Baba Wambui. Fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa na workshop yake kando ya Namanga road. Mtu mpole ukimwona, sauti ya chini. Lakini bibi yake alikuwa amehama na watoto wawili kwenda kwa dada yake Kisaju, kwa sababu ya kupigwa. Yeye mwenyewe hakukataa. Alisema anataka kubadilika, nikamwamini, na hata leo naamini kuna sehemu yake ilitaka.

Mara ya nne alikuja Ijumaa, ametulia kuliko siku zote. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mimi nikafurahi, nikadhani ni matunda ya kazi yangu.

Akaniambia, "Mwalimu, nimeenda Kisaju mara mbili. Najua njia yenye anapitia akienda kuchota maji. Nimetengeneza kisu kwa workshop. Nitammaliza, halafu nijimalize."

Yeye akageuka akaangalia mlango.

"Ulisema ya hapa yanabaki hapa."

Mtu aliyeiva kwa hii kazi angejua la kufanya. Mimi nilichukua Bibilia. Nikamwambia aweke mkono juu, aape mbele ya Mungu kwamba hatamgusa. Akaapa. Akalia, nikalia, tukaomba. Kile kisu sikuuliza hata kitalala wapi. Nikaenda nyumbani najiona bonge la counsellor.

Asubuhi ya Jumamosi raha ilikuwa imeisha. Nilikuwa nanyoa ndevu, nikaangalia ule wembe, nikaanza kufikiria kisu. Sikumaliza kunyoa. Nilikimbia kwa kibanda cha simu ya jamii nikampigia supervisor wangu, Madam Nduku, nurse mstaafu aliyekuwa anaishi Kajiado town. Yule mama hakuwa na mchezo.

"Anataka kuua nani?"

"Bibi yake."

"Anajua mahali ako?"

"Anajua."

"Na ako na kitu ya kufanyia?"

"Ako nayo. Ametengeneza mwenyewe. Lakini Madam, nilimwahidi siri. Tena ameapa kwa Bibilia."

"Mwalimu, hiyo kiapo imetoa kisu kwa workshop?"

Akaniambia niende nimwonye bibi ya Baba Wambui, kesi iandikwe kituo cha polisi, halafu niende kwa Baba Wambui mwenyewe nimwambie kwa mdomo wangu kwamba nimesema. Nisimzunguke. Na niende na mtu wa kwao anayemheshimu.

Nikapitia kwa pastor kwanza, maana chumba ni chake.

Kumbe Baba Wambui akitoka kwangu Ijumaa alienda moja kwa moja kwa pastor. Akamwambia ameokoka upya, ameapa kwa Bibilia mbele ya counsellor. Pastor kwa furaha akatuma mtu Kisaju jioni hiyo hiyo: Mama Wambui, yule bibi yake, arudi na watoto Jumapili, wasimame mbele ya kanisa, warudiane.

Mnaelewa wakuu? Ule mkono niliomwambia aweke juu ya Bibilia ndio ulikuwa unamrudisha Mama Wambui kwa kisu.

Pastor hakuwa mtu mbaya. Nilipomwambia habari ya kisu alisema tu, "Mwalimu, mtu ameapa kwa neno la Mungu, sisi ni nani tumwite muongo? Na si ulimwambia ni siri?" Sikubishana sana. Nilienda Kisaju.

Mama Wambui nilimpata nje ya nyumba ya dada yake akipiga pasi ya makaa, nguo za watoto za kanisa. Nilimwambia yale yalihusu maisha yake tu: amesema atakuua, anajua njia ya maji, kisu kiko. Mambo mengine ya yule mwanaume, ya utoto wake na machozi yake, sikuyagusa. Hayo yalibaki chumbani.

Hakupiga kelele. Aliweka pasi kando.

"Nilikuwa naogopa kurudi," akasema. "Lakini waliniambia ameapa kwa Bibilia, nikasema labda ni mimi sina imani. Ni nani alimwapisha?"

"Ni mimi."

Aliniangalia, kisha akaanza kukunja zile nguo. Nimeona aibu nyingi maishani, lakini ile bado naihisi nikiandika hapa.

Mchana huo alienda Kajiado na watoto. Madam Nduku akawapokea, akawapeleka kituoni. Askari wa desk akasema hayo ni mambo ya nyumba. Madam akakaa kwa benchi na handbag yake magotini, akasema hatoki bila OB number, ile nambari ya ripoti kwa kitabu cha polisi. Alitoka nayo.

Mimi nikamtafuta kaka mkubwa wa Baba Wambui kule Athi River, tukaenda workshop pamoja. Nilimwambia Baba Wambui hivi: nimemwambia bibi yako, polisi wanajua, na nilikuahidi kitu ambacho sikuwa na haki ya kukuahidi.

"Wewe ni muongo," akasema.

Nikamwambia ni kweli.

Akazunguka nyuma ya mashine. Nikajua leo nimekwisha. Akatoa kisu kimefungwa kwa gunia, akampa kaka yake, halafu akakaa chini katikati ya vyuma. Kaka alimpeleka hospitali ya magonjwa ya akili Nairobi, akalazwa wiki kadhaa. Mama Wambui hakurudi kwake tena. Alianza maisha Kajiado, ako hai, na watoto wamekua watu wazima.

Pastor alininunia miezi miwili. Mimi nikaongeza mstari kwa ile karatasi: ISIPOKUWA MAISHA YA MTU YAKIWA HATARINI.

Kama miaka mitatu baadaye nikasikia hodi. Baba Wambui, amekonda, mvi zimeingia. Alisimama mlangoni akisoma karatasi.

"Hii ya chini ingekuwa hapa ile siku," akasema, "singekuambia."

Wakuu, hayo maneno nimeyabeba mpaka leo. Inawezekana ni kweli. Inawezekana ule ujinga wangu ndio ulimfanya aseme, na kusema kwake ndiko kulimwokoa yule mama. Nikisema nimepata jibu nitakuwa nawadanganya.

Nilichojifunza ni hiki. Usimuuzie mtu siri ambayo huwezi kuiweka, na kiapo usikihesabu kama dawa. Siku hizi sheria ya kutusimamia iko, wakati ule kila mtu alikuwa na cheti chake na dhamiri yake. Lakini hata sheria haiulizi maswali matatu ya Madam kwa niaba yako. Unayauliza mwenyewe, mtu akiwa bado ameketi mbele yako.

Walio kwa hii kazi, na waliowahi kuketi upande ule mwingine wa meza, semeni. Mstari wa pili ungewafukuza? Nitukaneni pia mkitaka, nimezoea.

Na kwa yule jamaa wa ule uzi mwingine, nikuambie Baba Wambui alifanya nini siku ile aliporudi. Alisoma karatasi yote mara ya pili, polepole, mpaka chini. Halafu akavua kofia, akaingia, akavuta kile kiti chake cha zamani.

"Sawa," akasema. "Sasa nianzie wapi?"