Siku Niliyompa Kanana Kitana

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka moyo hunidunda kama wa msichana. Miaka ya sabini ilikuwa ikielekea kuisha, nami nilikuwa na saluni ya chumba kimoja hapa Isiolo mjini: kioo kikubwa, viti viwili, jiko la makaa, na kitana cha chuma tulichokipasha moto kunyooshea nywele. Nilijiona malkia. Wake wa maofisa walikuja kwangu, wake wa wanajeshi walikuja kwangu, nikaamini wanaifuata mikono yangu miwili tu.

Nilikuwa nimemwajiri Kanana, mwanamke Mmeru wa rika langu. Kazi yake ilikuwa kuosha vichwa, kuchochea makaa na kufagia. Nikishika kitana nilimpa mgongo ili asione ninavyofanya. Usicheke! Niliogopa akijua kazi ataninyang'anya wateja. Kila aliponiomba ajaribu nilimjibu, "Bado." Miaka miwili mizima, bado.

Basi asubuhi hiyo lori kutoka Garbatulla likasimama mlangoni, vigelegele juu yake. Akashuka bibi harusi, wakashuka dada zake na shangazi zake, wanawake tisa, vumbi kutoka utosini hadi kwenye viatu. Harusi ilikuwa jioni hiyohiyo. Nilifurahi nusura niruke!

"Karibuni," nikasema, "nitawatengeneza wote mimi mwenyewe."

Kupanda mchongoma, mwanangu, kushuka ndio ngoma. Ilipofika saa sita nilikuwa nimemaliza vichwa viwili. Kwa haraka yangu kitana kikamgusa dada mmoja sikioni, akapiga yowe. Shangazi mkubwa, mama mrefu mwenye sauti ya kuita ngamia, akasimama.

"Kwa mwendo huu bibi harusi wetu ataolewa kesho kutwa! Inukeni, twende kwingine."

Nyanya yangu, tuliyemwita Ayeyo, alipenda kushinda pale saluni akinywa chai yake. Akaweka kikombe chini.

"Safia, kidole kimoja hakivunji chawa. Mwite mwenzako."

Nikamnong'oneza, "Ayeyo, Kanana akijua kazi ataondoka na wateja wangu."

"Na hawa sasa wanaondoka na nani?"

Nikageuka kutazama. Tayari wanawake wawili walikuwa mlangoni. Nikamwita Kanana, nikamtia kitana mkononi mbele ya watu wote.

"Nianze na nani?" akauliza, macho yakimtoka.

"Anza na shangazi."

Lo! Angalia mkono ulivyoteleza! Mwepesi, mtulivu, hata mvuke wa mafuta haukumtisha. Kumbe miaka yote niliyompa mgongo alikuwa akiniona kwenye kioo! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka, na shangazi aliyekuwa amenuna akaanza kuimba nyimbo za harusi za Kiborana. Mimi nanyoosha huyu, Kanana anasuka yule, wengine wanapepea makaa, dereva anapiga honi huko nje. Tulimaliza jua likiwa bado juu. Walipopanda lile lori kwa vifijo, mtaa mzima ulitoka kutazama.

Tangu siku hiyo wanawake wa Garbatulla hawakujua saluni nyingine. Nilimfundisha Kanana yote niliyojua, naye akanifundisha kusuka kwa uzi, maana mimi sikujua. Tukakodi chumba cha pili, tukawa wanawake watano. Katikati ya miaka ya themanini akafungua saluni yake kule Burat. Nililia kidogo, sikatai. Lakini wiki hiyohiyo akanitumia bibi harusi, kwa kuwa kwake kulijaa.

Wewe unayeanza biashara, sikia. Duka halikui kuliko moyo wa mwenyewe. Ukimficha mwenzako ujuzi, unajifunga mwenyewe kamba. Mfundishe aliye karibu nawe, umsifu mbele ya wateja, na akitaka kwenda zake, msindikize kwa mikono miwili. Na ukifundishwa na uliyemwajiri, pokea. Hakuna haya katika kujifunza.

Haya, inuka ukafungue mlango wako. Mungu akujaze wateja wa kheri, akupe wenzako wenye mikono mizuri kuliko yako, na akuondolee hofu ya kuwaona waking'ara. Amina.