Goti Zima Kwanza

Kwa joto la siku ile, daktari aliacha mlango wazi, na sisi wa benchi la nje tukaona yote. Msichana mchezaji wa mpira aliketi kitandani. Baba yake, mstaafu wa reli, alisimama kando.

"Dokta, goti lilimuachia akigeuka na mpira. Wamemukanda wiki tatu, uvimbe umeisha. Andika tu kwamba Jumapili atacheza."

Daktari akamlaza, akashika goti la kushoto.

"Hilo ni zima, Dokta! Bovu njo lile!"

"Najua, Papa. Zima njo litanionyesha."

Akalikunja kidogo, mkono mmoja juu ya paja, mwingine ukivuta mbele muundi, mfupa wa chini ya goti. Muundi ukagoma papo hapo. Akahamia la kulia. Huko muundi uliteleza mbele bila kizuizi.

Mzee akainama, macho karibu na goti. "Rudia." Daktari akarudia.

"Nimefunga mabehewa miaka yote," mzee akasema polepole. "Hapa kifungio kimekatika."

"Njo kano ya ndani, Papa. Kukanda hakuiungi. Afanye mazoezi ya paja, kunyoosha mguu hewani hivi, miezi mingi, kisha tutaona kama apasuliwe."

"Na Jumapili?" msichana akauliza, machozi yakimlenga.

"Jumapili tutakaa pembeni, mimi na wewe, tupige kelele."

Nje, mzee aliketi karibu nami, akanyoosha mguu wake mwenyewe hewani kama daktari alivyoonyesha, akimwita binti yake. "Moja, mbili... Kuja, mama, muzee asikushinde."

Binti akacheka, akanyoosha wake. Benchi zima tukajiunga. Mimi, mwenye magoti mawili mazima, nilichoka kwenye sita.