Dakika Kumi za Mwalimu Araksi

Mwalimu Araksi Topalian hajawahi kumpandishia mtu sauti mbele yangu, na nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa. Mwanamke mfupi, nywele nyeupe zimebanwa kwa kibanio cheusi, viatu vya raba, begi la ngozi limejaa penseli na biskuti. Ukimkuta dukani Glendale akichagua mabilingani utasema bibi wa watu huyu hawezi kuua nzi. Thubutu! Mimi nilimwona akimmaliza mwanamume mzima mbele ya watu themanini, mchana kweupe, bila kunyanyua kidole, na mpaka leo nikikumbuka nasikia raha mwilini. Kama ni dhambi, padri wangu pale Boyle Heights nimeshamwambia, na yeye akanitaka nirudie ile sehemu ya karatasi.

Mimi ni Chayo Archuleta, mtu wa mavazi: kushona, kupiga pasi, kukimbia huku na huku na pini mdomoni. Araksi anawafundisha watoto wanaoigiza, palepale kazini, na yeye ndiye anayeshika saa zao. Mtoto ana saa zake za kamera, za masomo, za kupumzika. Mwalimu akisema muda umekwisha, umekwisha. Mwongozaji anafyata mkia, mwenye studio naye anafyata. Saa yenyewe ni ya marehemu baba yake, fundi saa, na haijawahi kukosea.

Sasa ubaya ulianza kwenye filamu ya kwanza ya watoto majasusi. Nyota alikuwa Junie Abernathy, miaka kumi, katoto ka Bakersfield, meno ya mbele yamepishana, mdomo haunyamazi. Mwongozaji alikuwa Whit Carraway. Jamani, huyo mtu! Kofia ya majani, tabasamu saa zote, kila mtu kwake ni “familia”. Familia gani, ilhali jina langu alikuwa hajui? Aliniita “wewe wa sindano”.

Siku hiyo Junie alikuwa ananing'inia kwenye kamba, jabali la mbao nyuma yake. Muda wake ukaisha. Araksi akainuka kumchukua, na Carraway akamjia na kikombe cha kahawa mkononi.

“Mwalimu, dakika kumi tu. Sisi si familia?”

Araksi akamtazama mtoto. Mtoto akasema anaweza. Basi Araksi akavua saa, akaitia ndani ya begi. Hilo ndilo kosa lake, na hajalikana hata siku moja. Dakika ya saba mikono ya mtoto ikaishiwa nguvu, akadondokea ukingo wa jukwaa, kiwiko kikavunjika mahali patatu. Kilipopona kilipona vibaya. Mkono wa kulia wa Junie haunyooki tena mpaka mwisho.

Wakaja watu wa kuuliza maswali. Na Carraway, bila haya, akawaambia kwamba mwalimu alikuwa amelala kwenye kiti. Hakuambiwa na mtu kwamba muda umekwisha, masikini yeye! Wapambe wake wawili wakaitikia kwa vichwa. Araksi akanyang'anywa leseni miaka miwili. Jina lake likafutwa kwenye orodha ya mwisho wa filamu. Kanisani kwao akina mama wakawa wanaambiana kwa macho: ndiye huyo, mwalimu aliyelala, mtoto akavunjika.

Nilimfuata jikoni kwake. Alikuwa ameinamia kile kibirika chake kidogo cha kahawa.

“Kosa langu nalijua, Chayo, nitalibeba,” akaniambia. “Lakini sikulala.”

“Mwachie Mungu, shoga yangu.”

“Mungu ana kazi nyingi. Huyu aniachie mimi. Atasema kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu, kwamba sikulala.”

Filamu ikapendwa mno, na baada ya miaka miwili ikatangazwa sehemu ya pili. Junie sasa ana miaka kumi na miwili, na mama yake akawaambia watu wa studio neno moja tu: bila Araksi, hakuna Junie. Leseni ilikuwa imerudi mwezi uleule. Carraway akameza, angefanyaje? Siku ya kwanza alimpokea mikono miwili.

“Mwalimu! Yaliyopita si yamepita?”

“Karibu kahawa, bosi,” Araksi akajibu, akamimina.

Nikasema ngoja nione. Nikangoja siku thelathini na tisa! Kila siku kahawa, kila siku “habari za asubuhi, bosi.” Kila muda wa mtoto ulipokaribia kwisha, Araksi alikuwa akisimama na kutangaza mpaka wapishi wasikie: “Nusu saa imebaki! Robo saa imebaki!” Carraway akazoea. Akaacha kabisa kuangalia saa. Mimi nikawa nachemka peke yangu, mpaka siku moja nikamvuta nyuma ya trela la nguo.

“Wewe vipi? Umeokoka?”

“Namnenepesha,” akasema, akarudi kusahihisha hesabu za Junie.

Siku ya arobaini ndiyo ilikuwa ya mwisho. Tulikuwa korongoni, upande wa Santa Clarita, kwenye daraja la kamba lililojengwa kwa miezi mitatu ili lilipuliwe mara moja tu. Kibali cha baruti kilikuwa kinaisha siku hiyohiyo, na jua lilitakiwa liwe chini, nyuma ya daraja. Kazi ya Junie ilikuwa hii: asimame juu ya mwamba, mbali na hatari, uso kwa kamera, ainue mkono wa kulia wenye kidude cha kijasusi, abonyeze, daraja liruke nyuma yake. Alikuwa amefanya mazoezi wiki tatu. Hata akiwa kwangu anapimwa koti, mkono unapanda na kushuka.

Asubuhi Carraway akamfukuza kazi msaidizi wake wa kwanza, eti kwa nini kuna wingu. Nakuapia, kisa ni wingu! Na yule msaidizi ndiye aliyekuwa anamhesabia dakika. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha hilo.

Mchana tukafanya jaribio. Junie akapanda mwambani, akainua mkono.

“Nyoosha!” Carraway akapiga kelele kwenye kipaza sauti.

“Mwisho wake ndio huu, bosi,” Junie akajibu.

“Huo si mkono, hilo ni hanga la nguo! Wewe wa sindano, mrefushie mkono wa koti, ufiche hilo hanga!”

Wale wa kucheka akicheka bosi wakacheka. Junie naye akacheka, lakini masikio yalimgeuka mekundu. Nikapanda kumrekebishia koti, nimejaa hasira, nikamchoma na pini bila kukusudia. Hakulalamika. Niliposhuka nikamtazama Araksi. Alikuwa anachonga penseli. Akachonga, akachonga, mpaka penseli ikaisha.

Baada ya hapo Carraway akahamisha kamera. Akairudisha. Akatuma mtu akamletee kofia yake nyingine. Mimi nilikuwa na saa yangu mwenyewe, maana najua wakati wa kumvua mtoto koti. Ikafika nusu saa ya mwisho. Nikasubiri sauti ya Araksi. Kimya. Nikamgeukia, ameketi, mikono juu ya begi, anatazama milima.

Robo saa. Kimya.

Kumbe leo ndiyo leo! Ningeweza kusema, nisikudanganye. Neno moja tu lingetosha, kwani kamera ilikuwa tayari na jua lilikuwa zuri. Nikachukua pini tano, nikazitia mdomoni, nikafunga mdomo.

“Haya, kila mtu mahali pake!” Carraway akaita. Mafundi wa baruti wakainua mikono. Junie yuko mwambani. Na Araksi akainuka taratibu, akatembea, akasimama katikati, mbele ya kamera.

“Muda wa mtoto umekwisha.”

“Nini? Hujanionya!”

“Kuonya ni hisani yangu, bosi. Kuhesabu ni kazi ya msaidizi wako. Yuko wapi?”

Fundi mmoja wa taa alicheka puani. Carraway akatazama jua, akatazama daraja, akatazama wenye studio waliokuja na viti vyao kushuhudia mlipuko. Sura yake ikabadilika, lile tabasamu likarudi. Akashusha sauti.

“Mwalimu. Dakika kumi tu. Sisi si familia?”

Maneno yaleyale! Hakuyakumbuka hata kidogo, mshenzi yule. Araksi akatoa ratiba ya siku kwenye begi, akaigeuza upande mweupe, akampa na kalamu.

“Andika kwanza, halafu tutaongea. Andika kile kilichotokea siku ya jabali.”

“Wazimu huu! Jua linazama!”

“Basi andika haraka.”

Nilifikiri atampiga. Akatugeukia kutafuta wa kumsaidia; kila mtu akaona kitu cha kutazama chini. Akaandika juu ya goti, jasho linamdondoka kwenye karatasi.

“Weka sahihi. Sasa isome. Wale wa nyuma hawasikii, tumia kipaza sauti.”

Na akasoma! Korongo lote likamsikia: “Mimi Whit Carraway nilimwomba mwalimu dakika kumi. Mwalimu hakulala. Nilisema uongo.” Milima ikarudisha neno la mwisho. Nikatema pini, zingine sijaziona mpaka leo.

Araksi akaikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya begi, akafunga zipu.

“Haya,” Carraway akasema, anahema. “Dakika zangu.”

“Zipi?”

“Si tumekubaliana?”

“Nilisema uandike, halafu tuongee. Ndiyo tunaongea. Muda wa mtoto umekwisha. Junie, shuka, uchukue daftari lako.”

Matusi aliyoyatoa mtu yule siyaandiki hapa. Akavua kofia akaikanyaga. Hakuna aliyesogea kumsaidia, hata wapambe. Ukitaka kujua kama nilifurahi, nilifurahi.

Lakini Junie hakushuka mara moja. “Mwalimu, mimi niko tayari,” akasema. “Nimefanya mazoezi wiki tatu.”

Hapo nilimwona Araksi akisita. Halafu akanyoosha mkono. “Najua, Junie jan, mpenzi wangu. Twende.”

Nyuma yetu Bettina, mwanamke mwenye umbo la kitoto anayeigiza badala ya Junie kwenye sehemu za hatari, alikuwa anavalishwa nywele za bandia mbiombio. Tulisikia mlipuko tukiwa ndani ya gari. Junie alikuwa ameegemea dirisha, ametugeuzia mgongo mpaka tulipofika mjini. Nilitaka kupiga vigelegele, nikavimeza.

Karatasi ikafika ofisi ya leseni, na wakamwandikia Araksi barua ya kumsafisha. Akaipeleka kanisani, akampa kila mama aisome, mmoja mmoja, na kumngoja amalize. Carraway je? Anatengeneza matangazo ya magodoro. Hakuna mama anayempa mtoto wake.

Filamu ilipotoka tukaenda kuitazama Glendale, sisi watatu, na bisi ndoo nzima, Junie kati yetu. Nilikuwa nangoja majina ya mwisho tu. Studio iliahidi jina la Araksi litakuwepo, na mimi nilikuwa nimeshapanga kupiga makofi mpaka nitolewe nje.

Likaja lile daraja. Kwa kuwa uso wa Junie haukuwepo, walikuwa wamepiga picha kwa nyuma: nywele zinapepea, jua jekundu, koti langu. Mkono wa kulia ukapanda, ukanyooka kama rula, daraja likaruka. Watoto ukumbini wakapiga mayowe ya furaha.

“Mkono ule umenyooka,” Junie akasema.

“Si wako,” Araksi akamnong'oneza.

“Najua. Wangu ungekuwa umepinda.” Macho yake yalibaki mbele. “Ningeukunja mkono wa koti juu kabisa, Mwalimu. Nilikuwa nimeshapanga. Niuinue mkono wangu hivyohivyo ulivyopinda, mkubwa ukuta mzima, kila mtu ajue Carraway alichonifanya. Hiyo ndiyo ilikuwa zamu yangu.”

Taa zikawaka nusu, majina yakaanza kupanda, marefu, ya mafundi na wapishi na madereva. La Araksi Topalian likatokea, safi, herufi zote mahali pake. Nikamgusa bega, nikamwonyesha kwa kidole. Hakutazama. Alikuwa ameinama, amekishika kile kiwiko kwa mikono yake yote miwili, na jina likapita.