Maji ya Ngumi za Kisiki

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, niliiba nguvu za baba yangu mdogo. Nasema niliiba kwa sababu ndivyo nilivyoelewa mwenyewe wakati ule, na ndivyo nilivyoendelea kuelewa mpaka juzi hapa, mwanamke mzima mwenye wajukuu, ninayeshiriki Meza ya Bwana na kuimba kwaya ya akina mama. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nikipindapinda msomaji anivumilie. Jambo lenyewe limenyooka.

Baba mdogo Zakaria alikuwa mpasua mbao. Siku hizo kijijini kwetu, upande huu wa Njombe, mashine hazikuwepo. Gogo lililazwa juu ya shimo, mtu mmoja akasimama juu na mwingine chini, wakavutana msumeno kutwa nzima. Kazi hiyo ndiyo iliyomjenga mabega. Mara chache kwa mwaka, siku ya Jumamosi, alipanda lori la mbao kwenda Makambako kupigana ngumi. Makambako barabara zinakutana na treni inasimama, watu hawaishi, na penye watu wengi hakosekani anayetaka kuona mwenzake akidundwa.

Ulingoni aliitwa Kisiki, maana alikuwa hasogei. Alishusha mikono mpaka mapajani, akatoa uso mbele, akamwambia mpinzani, "Piga kisiki, uone shoka litakavyoruka." Mpinzani anapiga, anapiga, anachoka. Halafu Kisiki anatoa ngumi moja. Basi, watu wanarudi nyumbani.

Ilisemwa ana dawa, na kweli alikuwa nayo. Ilikaa jikoni kwa bibi, mama yake, kwenye chungu kidogo kilichofunikwa kwa kigae. Bibi alichemsha magome ya mti uliopigwa radi, ule uliosimama juu ya kijito, nusu mkaa, nusu majani mabichi. Asubuhi ya pambano baba mdogo alizamisha ngumi zote mbili, akahesabu pumzi saba, akazitoa bila kuzifuta. Bibi alikuwa Mkristo, tena hakosi ibada, na chungu alikiombea kabla. Simcheki. "Radi ni ya Mungu," alikuwa akisema. "Mimi nimeokota kilichobaki."

Mimi alinionya peke yangu, nikiwa nafagia. "Wewe mtoto, hayo maji wasichana hawayagusi. Na yakimwagika chini kabla ya kugusa ngumi, mikono ya mwenye ngumi itatetemeka mpaka anaingia kaburini. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Nilisikia vizuri sana. Ndiyo maana dhambi yangu haina pa kujificha.

Shuleni alikuwepo msichana anaitwa Sesilia, mrefu kunizidi, mdomo wake mkali. Mimi nilikuwa najisifu kwa Kisiki kuliko Kisiki alivyojisifu mwenyewe. Siku moja akanikatiza mbele ya wenzangu: "Wewe si wa ukoo wa Kisiki. Wewe ni uyoga, umeota tu pembeni ya kisiki." Darasa zima likacheka. Tukaahidiana kupigana Ijumaa, saa ya kutoka shule, kule kwenye miti ya miwati.

Ijumaa ile asubuhi bibi alikwenda kwenye viazi. Nikafunua chungu, nikazamisha mikono. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi imeshatupasua vidole sote, na maji yale yaliingia kwenye nyufa yakachoma kama pilipili. Nikahesabu pumzi: moja, mbili, tatu. Kwenye ya tano kuku akaruka kutoka nyuma ya kuni. Nikashtuka, chungu kikalala ubavu. Sakafu ya jiko ilikuwa ya udongo. Ilikunywa yote, hata nilipopiga magoti kukinga kwa viganja nilipata matope.

Nilifanya ambacho angefanya mtoto yeyote wa Njombe asiye na akili nyingine. Kwenye birika ilibaki chai ya rangi ya asubuhi, na rangi yake haikuwa mbali sana na ya magome. Nikaimimina chunguni, nikaongeza maji ya pipa na majivu kidogo, nikafunika kigae, nikafagia pale pabichi. Kisha nikaenda shule.

Saa ya kutoka nikasimama mbele ya Sesilia, mikono chini, uso mbele. Nikamwambia, "Piga kisiki uone." Akapiga. Jino langu la mbele, ambalo lilikuwa limelegea lakini bado lina haki yake, nililimeza. Nikarudi nyumbani nikilia njia nzima, na kichwani sikuwa na wazo kwamba dawa imeshindwa. Nilijiambia Mungu ananiadhibu kwa wizi, na kwamba kesho zamu ni ya baba mdogo.

Kesho yake alfajiri nilijificha nyuma ya mlango. Bibi aliomba, akafunua chungu. Baba mdogo akazamisha ngumi. Akakaa hivyo muda. Akatazama ndani ya chungu, akamtazama mama yake, akamaliza pumzi zake saba, akasema, "Asante, mama." Bibi akamjibu, "Nenda na Bwana." Ningeweza kutoka nyuma ya mlango pale pale. Sikutoka.

Kwenye lori tulikaa juu ya mbao, yeye, baba yangu, mimi na watu wengine wa kijiji, tumejifunika mablanketi. Ukungu ulikuwa haujainuka. Nilijiambia nitasema tukifika mteremko ule. Tulipofika, nikajiambia ule mwingine. Baba mdogo akanishika mkono, akaugeuza, akatazama vidole vyangu. Halafu akanitazama mdomo.

"Nani amekung'oa jino?"

"Sesilia."

"Na wewe mikono yako ilikuwa wapi?"

"Chini," nikasema. "Kama yako."

Akaurudisha mkono wangu chini ya blanketi.

Ulingo ulikuwa nyuma ya soko: mbao juu ya matairi, kamba za katani pande nne, na kipande cha reli kilichoning'inizwa kuwa kengele. Refa alikuwa na saa ya mkononi, na kila raundi aliitikisa kwanza kuona kama bado inatembea. Glovu zilikuwa zimepasuka, sponji inachungulia. Mpinzani alikuwa mpakia mizigo wa stesheni anayeitwa Behewa, na jina halikumwonea. Mimi nilikuwa mabegani kwa baba, namwomba Mungu avunje ile reli isilie.

Ililia. Na Kisiki, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, akainua ngumi zote mbili akaziweka kidevuni.

Uwanja ukanung'unika. Behewa akaanza kupiga: mikono, mabega, viwiko. Mtu mmoja akapiga kelele, "Kisiki leo anajificha!" Mwingine akadakia, "Si kisiki tena hicho, ni konokono!" Wakacheka sana. Mimi nililia, nikijua kwa nini anajificha. Nilimfanya mwoga, nilimvua nguo mbele ya watu. Raundi ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo, ngumi zinaishia kwenye mikono yake kama mvua kwenye bati. Raundi ya tano Behewa alikuwa anapumua kama lori kwenye mlima. Kisiki akashusha mkono mmoja tu, wa kulia, akampiga tumboni. Behewa akakaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka.

Tulirudi tukiimba. Bibi akasema, "Mmeona maji yale?" Kila mtu akasema ameona. Nami nikasema nimeona. Uongo huo nauhesabu peke yake, mbali na ule wa chungu.

Alipigana miaka mingine michache, mikono juu, akaacha. Bibi akafariki. Mimi nikaolewa, nikazaa. Halafu baba mdogo alipozeeka mikono yake ikaanza kutetemeka. Kwanza kidogo, akiwa ameshika kitabu cha nyimbo kanisani. Baadaye sana, hata kikombe kikijazwa hakifiki mdomoni. Hospitali walitupa jina la ugonjwa na vidonge. Mimi jina nilikuwa nalo toka darasa la nne. Alipofiwa na mkewe nilimchukua kwangu, na usharika mzima ukanisifu kwa upendo. Ulikuwa upendo, lakini nusu yake ilikuwa deni, na nilipokea sifa zote bila kurudisha nusu.

Sasa yuko Elia, mjukuu wake, ananiita shangazi. Anaishi Makambako, anafanya mazoezi chini ya bati nyuma ya gereji. Nimekwenda kumwona, na nakiri nilikwenda nikiwa nimekunja pua. Wanapima uzito. Daktari anawamulika macho kwa tochi. Wana kinga ya meno, wana kofia za mazoezi, wanatazama mapambano kwenye simu na kuyarudisha nyuma mara kumi, "Shangazi, ona mguu wake hapa." Anakimbia alfajiri barabara ya Njombe kwenye baridi ile inayotoa machozi, na pombe hagusi, hata ulanzi wa msimu. Nilidhani nitaona watoto wa kudekezwa. Nikaona watu wa kazi.

Wazee wa kijijini hawakubali. Pale zinapopangwa mbao za kuuza, ubishi ni mmoja kila wiki. "Wa zamani walikuwa wanaume, hawa wanapigania kamera." Naye Elia akiwepo huwajibu kwa adabu, "Shikamooni wazee. Wa zamani walikuwa na uso wa chuma, sisi tuna uso wa nyama, ndiyo maana tunaukinga."

Lakini wiki mbili zilizopita alikuja nyumbani Alhamisi jioni, amenyong'onyea. Pambano ni Jumamosi, mpinzani hajawahi kupoteza. Babu yake alikuwa amekaa kando ya jiko la mkaa, blanketi mabegani.

"Shangazi," Elia akaninong'oneza, "ule mti wa radi bado upo?"

"Unautakia nini?"

"Babu alikuwa na kitu, kila mtu anasema. Mimi nina mazoezi tu. Nionyeshe mti, sitamwambia mtu."

Mti upo. Ningeweza kumwonyesha, akachemsha, na uongo wangu ukaendelea kuzaa kizazi cha tatu. Nilimwona jinsi anavyonitazama, kijana aliyefanya kila kitu sawasawa na bado anaamini wa zamani walikuwa na siri iliyompita. Nikakaa kwenye kigoda mbele ya baba mdogo, nikamwambia yote: kuku, chungu, chai, majivu. Nikamwambia na maneno ya bibi juu ya mikono kutetemeka. "Ni mimi, baba. Mikono yako ni mimi."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika kuzidi mikono, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mwanangu, magome yale yanachoma. Mimi mpasua mbao, mikono yangu siku zote ina michubuko. Siku ile hayakuchoma. Tena nikanusa chai." Akapumua. "Nilikwenda kwa Behewa nimenawa chai ya rangi, tena haina hata sukari."

Elia akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikuweza.

"Ulijua?"

"Kwenye lori nikaona vidole vyako vina rangi ya magome. Nikajua dawa yenyewe unayo wewe. Na jino huna. Nikasema, Zakaria, huyu mtoto kanawa dawa ya kweli, kashusha mikono kama mimi, kang'olewa jino. Sasa mimi mwenye chai nitashusha ya nini?"

"Mbona hukusema?"

"Mama yangu alikuwa hai. Nimwambie nini, kwamba maombi yake yako kwenye sakafu? Nikaendelea kunawa mpaka anafariki. Baadaye nikadhani umesahau." Akainua mkono wake, ukatetemeka mbele ya moto, akautazama kama kitu cha jirani. "Daktari alisema hizi ni ngumi za kichwani. Za kichwani nilizipokea kabla ya siku ile. Baada ya chai yako sikupigwa kichwani tena hivyo. Ungemwaga mapema zaidi."

Nilimlilia Mungu usiku ule kwa shukrani, na pia kwa hasira kidogo, Anisamehe, kwa miaka niliyobeba mzigo ambao baba mdogo alishautua kwenye lori.

Jumamosi tulikwenda Makambako, mzee kwenye kiti cha mbele cha gari la kukodi. Elia alipigana mikono juu, miguu ikiandika mambo yake sakafuni. Nyuma yetu mzee mmoja akapaza sauti, "Wa zamani hawakujificha!" Baba mdogo akaniegemea, akasimama. Akageuka akamtazama yule mtu, akainua ngumi zote mbili akaziweka kidevuni. Ningependa kuandika kwamba zilitulia. Hazikutulia. Zilitetemeka mpaka blanketi likaanguka, lakini zilikaa mahali pake, na yule mtu akamtambua, akavua kofia.

Elia alipoteza kwa pointi. Njiani alikuwa anataja makosa yake moja moja, uso wake mzima, ana njaa. Nilipowatazama, mmoja mbele, mmoja nyuma, sikuweza kusema nani bora. Wa zamani waliingia ulingoni na uso mtupu, wakiamini wamefunikwa, na imani ile ni ujasiri ambao sitaudharau. Hawa wa leo wanajua hawajafunikwa na kitu, na wanaingia. Baba mdogo alivuka kutoka kwa wale kwenda kwa hawa siku moja, mimi nikiwa mabegani kwa baba yangu, nikidhani ninachokiona ni aibu.

Tulipofika nyumbani nilimpa chai ya rangi, kikombe nusu kama kawaida. Kabla ya kunywa akakisogeza puani kwa mikono miwili, akanusa kwa makusudi, akanitazama.

"Hii haichomi," akasema.